Zuhura yuko Cisternino (gumzo la kikundi cha UKOO WA SHELA, MALINDI)

ALHAMISI

Mama: Zuhura, jana mchana nimepiga simu wee hukushika. Uko salama?

Zuhura: Shikamoo Mama. Salama kabisa alhamdulillahi. Nilishuka na treni kutoka Bologna mpaka Bari, nikalala hapo, halafu nikaja huku Cisternino. Simu niliiona, lakini ilikuwa saa nane mchana na nilikuwa kichochoroni. Kuongea na simu hapa saa hizo ni kama kucheka msikitini.

Mama: Marahaba. Cisternino ndiyo wapi tena?

Zuhura: Kusini, mkoa wa Puglia, kwenye kisigino cha ramani. Mji uko juu ya kilima, nyumba zote zimepakwa chokaa nyeupe. Wakazi ni kama elfu kumi na moja, na wengi wao hawako mjini, wametawanyika mashambani.

Faiz: Elfu kumi na moja? Huo si mji, hiyo ni harusi ya Halati Rukia 😂

Halati Rukia (Tanga): Wewe Faiz nitakuja Malindi tuonane uso kwa uso.

Ami Salim: Puglia!! Zuhura mwanangu, mimi na Waitaliano tunajuana tangu utoto. Mwaka 1967 wakirusha satelaiti yao pale San Marco, Ngomeni, babu yako alikuwa akiwauzia samaki. Miaka yote ya hoteli sijaona Muitaliano aliyenyamaza. Sasa wewe waniambia mji umenyamaza?

Zuhura: Shikamoo Ami. Wale uliowaona walikuwa likizoni, na wengi ni wa kaskazini. Hapa kuanzia saa saba mchana maduka yanashusha milango, duka la dawa linafungwa, hata mbwa hayuko. Ukipita uchochoroni unasikia vijiko na sahani madirishani, baadaye vijiko navyo vinanyamaza. Mpaka saa kumi na nusu, saa kumi na moja hivi. Wana jina lake, controra.

Ami Salim: Marahaba. Controra naijua sana.

Faiz: Ami ameijua sasa hivi.

Mama: Na wewe saa hizo wafanya nini peke yako? Sipendi mtoto wa kike kutembea mji hauna mtu.

Zuhura: Mama, hauna mtu njiani, lakini kila dirisha lina mtu. Juzi... hapana, jana hiyohiyo, nilipotea vichochoro, nikasikia sauti kutoka juu: "Kushoto, binti, kushoto." Sikumwona mwenyewe. Yaani walikuwa wameshajua nakaa nyumba ya nani.

Bibi (ujumbe wa sauti, Faiz anaandika): Nyumba ya nani?

Zuhura: Shikamoo Bibi. Ya mama mmoja mzee, mjane. Yeye anakaa chini, mimi nimekodi chumba cha juu, ngazi ziko nje ya nyumba. Watoto wake mmoja yuko Milano, mwengine Ujerumani, wanakuja mwezi wa nane. Kitu cha kwanza alichoniuliza si nchi yangu. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Bibi (sauti): Huyo ana adabu. Mpe salamu zangu.

Halati Rukia: Maji yapo? Miji ya kilimani mimi siiamini.

Zuhura: Halati umepiga penyewe. Bonde lote hili, Valle d'Itria, halina mto hata mmoja. Mwamba wake ni wa chokaa, mvua ikinyesha inapotelea chini. Ndiyo maana kila nyumba ya zamani ina kisima cha kukingia maji ya mvua, mapaa yamejengwa yamwage humo. Mama mwenye nyumba alifunua kifuniko kimoja chini ya sakafu ya jikoni yake, nikaona giza tu na ubaridi ukanipanda usoni.

Halati Rukia: Kumbe birika, kama nyumba za zamani za Lamu.

Zuhura: Haswa. Maji ya bomba walianza kuyachimbia njia mwaka 1906. Yanatoka upande wa pili wa rasi kabisa, chemchemi za mto Sele kule Caposele, yakapitishwa chini ya milima ya Apennini. Bari yenyewe, mji mkuu wa mkoa, iliyapata 1915, na ncha ya mwisho ya kusini, Leuca, ikangoja mpaka 1939. Huyu mama anasema nyanyake alikuwa akiwagomba wakimwaga maji ya kuoshea mboga.

Mama: Kuna mtu humu ndani namfahamu anaacha bomba la bafu wazi akisikiliza mpira.

Faiz: Mama tuko kwenye mada ya Italia.

Ami Salim: Sasa tufike kwenye mambo ya maana. Nimeona Facebook nyumba za huko kusini zauzwa yuro moja. MOJA. Niulizie.

Zuhura: 😂 Nilijua. Ami, zipo kweli, lakini si hapa. Sambuca kule Sisilia ilianza 2019, na Mussomeli hukohuko inazo. Ila hiyo yuro moja ni ya kukuingiza ulingoni tu. Unatakiwa kuikarabati ndani ya muda, pengi ni miaka 3, na unaweka dhamana, pengi yuro 5,000, ambayo ukishindwa inakwenda. Halafu mwanasheria, kodi, fundi. Na kumiliki nyumba hakukupi viza.

Ami Salim: Na hapo ulipo?

Zuhura: Hapa ni kinyume chake. Waingereza na Wajerumani walishaziona trulli zamani, zile nyumba za mawe za paa la pia. Bei imepanda. Mjini kuna vibao vya "Vendesi" (inauzwa) milangoni, lakini si vya yuro moja.

Faiz: Ami, rudi kwenye ploti ya Watamu.

Ami Salim: Ploti ya Watamu ina kesi.

IJUMAA

Mama: Ijumaa karimu. Zuhura, umekula nini? Na unijibu ukweli.

Zuhura: Ijumaa njema nyote. Chakula ndicho kisa chenyewe. Huu mji sifa yake kubwa ni nyama. Jioni bucha zinageuka mikahawa. Unaingia, nyama iko kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole, wanapima, wanaitia kwenye tanuri la kuni hapohapo nyuma, unangoja mezani nje.

Faiz: Hiyo si choma ya Mtwapa??

Zuhura: Utaratibu ni uleule. Sasa kinacholiwa: bombette, vinyama vya nguruwe vimekunjwa na jibini ndani. Soseji za nguruwe. Na pembeni, farasi.

Halati Rukia: FARASI?

Zuhura: Farasi, Halati. Puglia wanakula, wala hawafichi.

Bibi (sauti): Astaghfirullah. Na ng'ombe hawana?

Zuhura: Wanao Bibi, na kondoo. Ila kuchinjwa kwake sikujui.

Ami Salim: Nyama ya watu wa Kitabu si neno. Sema bismillahi ule.

Bibi (sauti): Salim, hukumwona aliyechinja wala hukumsikia. Mtoto ale samaki.

Ami Salim: Sawa Mama.

Zuhura: Nimekula vizuri mno bila nyama, wallahi. Kuna fave e cicoria: maharage ya fava makavu yaliyomenywa, yanachemshwa mpaka yanapondeka yenyewe, pembeni mboga chungu ya majani, juu mafuta ya zeituni mabichi. Chakula cha mkulima asiye na kitu, na sasa mikahawa inajivunia. Bibi ungekipenda, uchungu wake ni wa mnavu. Tena kuna panzerotti, unga umekunjwa nusu mwezi na jibini na nyanya ndani, unakaangwa. Nilipomwambia mama mwenye nyumba kuwa sili nguruwe wala sinywi mvinyo, akaniuliza kwa huruma kama daktari amenikataza.

Mama: 😂😂 Maskini.

Zuhura: Ila tahadhari kwa atakayekuja: kuna taralli, vipete vya unga vikavu, vinawekwa bure mezani kama njugu. Vinakandwa na mvinyo mweupe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, nikasoma karatasi ya pakiti.

Mama: Unasoma karatasi. Vizuri. Na wanakutazamaje na buibui lako?

Zuhura: Wananitazama, Mama, siwezi kudanganya. Wazee wamekaa mabenchi ya uwanjani karibu na mnara wa saa, ukipita mazungumzo yanakatika. Nilikumbuka Ami alichoniambia zamani, nisalimu mimi kwanza. "Buonasera." Benchi zima likaitikia, mmoja akavua kofia. Leo wamenitangulia wao. Dukani pia, ukiingia bila salamu unahudumiwa, lakini unahudumiwa tu.

Ami Salim: Nilisema au sikusema?

Zuhura: Ulisema Ami. Jioni ndipo mji unapoamka. Saa kumi na moja na nusu watu wote wako nje, wamevaa, wanatembea barabara ileile kwenda na kurudi. Hakuna wanakokwenda. Wanasimama, wanasalimiana, wanaulizana habari walizoulizana jana. Kahawa ni yuro moja na senti chache ukinywa umesimama kaunta. Nami nilikwenda na kurudi. Mara ya kwanza niliona upuuzi, baadaye nikaona naudhika mtu akinikata njia.

Faiz: Sasa vijana wako wapi? Wote wazee?

Zuhura: Wapo wa shule, wanasikika. Wakimaliza wanaondoka. Milano, Torino, Ujerumani. Mama mwenye nyumba ana picha ya kituo cha treni ukutani. Nilidhani ni pambo, kumbe ndipo mumewe alipomuaga akienda Stuttgart kufanya kazi.

Mama: Sasa si ni sisi hao. Wewe uko Bologna, Khalid yuko Muscat, na mimi nalinda simu.

Zuhura: Nitapiga leo usiku Mama.

JUMAMOSI

Faiz: Mwalimu wangu wa historia ameniambia kitu. Kweli Bari ilitawaliwa na Waislamu?

Zuhura: Kweli. Kuanzia 847 mpaka 871 Bari ilikuwa na amiri wake. Miaka ishirini na nne tu, halafu ikachukuliwa. Fahari yao ya leo ni Mtakatifu Nikola, mifupa yake mabaharia wa Bari waliichukua Myra, Uturuki ya sasa, mwaka 1087. Kanisa kuu la hapa Cisternino nalo ni lake.

Faiz: "Waliichukua."

Zuhura: Waliiiba, haya.

Zuhura: Jana nilikwenda Alberobello, penye trulli nyingi, zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1996. Ami, hii ni yako. Inasimuliwa kuwa makabaila wa Conversano, waliokuwa wakiimiliki ardhi hiyo, walitakiwa kumlipa mfalme wa Naples ushuru kila wakianzisha mji mpya. Wakawaambia wakulima wajenge kwa mawe makavu, bila chokaa ya kushikiza. Mkaguzi akija, paa linavutwa, hakuna mji, kuna rundo la mawe. Mpaka 1797 mfalme alipoutoa mji mikononi mwao.

Ami Salim: Hawa ni ndugu zangu kabisa. Hawa wangenisaidia na kaunti.

Mama: Salim, kikundi hiki kina watoto.

Zuhura: Lakini Alberobello sikukaa. Mabasi ya watalii, kila trullo ni duka la sumaku za friji, na huu ni Novemba, sijui mwezi wa nane wanapumulia wapi. Atakayekuja alale Cisternino au Locorotondo, Alberobello apitie asubuhi mapema aondoke.

Halati Rukia: Zeituni umeziona? Naambiwa miti ya huko ina mamia ya miaka.

Zuhura: Ndio msimu wa kuvuna, Halati. Wanatandaza nyavu chini ya mti, wanatikisa matawi kwa mashine, zeituni zinamiminika. Jioni ileile zinapelekwa kinuni. Mafuta mapya ni ya kijani, yanakwangua koo, nilikohoa wakacheka wakasema ndiyo yenyewe. Lakini kusini zaidi kuna msiba. Mwaka 2013, upande wa Gallipoli, waligundua bakteria anaitwa Xylella. Anabebwa na kidudu kinachofyonza utomvu, anaziba njia za maji ndani ya mti. Mamilioni ya mizeituni imekauka, na ugonjwa umepanda mpaka huku Ostuni. Nilipokuwa garini niliona shamba zima la kijivu, miti imesimama na matawi, haina jani.

Halati Rukia: Usinikumbushe. Minazi yetu huku Tanga ilipoingiwa na ugonjwa wa kunyong'onyea ilibaki nguzo. Shamba la marehemu baba ulikuwa ukilitazama unaona bahari moja kwa moja, zamani huioni. Wao wanafanyaje?

Zuhura: Mkulima niliyezungumza naye amekata, anapanda aina zinazostahimili, leccino na favolosa. Ana miaka zaidi ya sabini. Nikamuuliza atazivuna lini, akaniambia nisimuulize maswali ya benki.

Halati Rukia: 😂 Mwambie akitaka minazi anipigie.

Mama: Kesho warudi Bologna saa ngapi?

Zuhura: Kesho sirudi. Nitaondoka Jumatatu, basi mpaka Ostuni, hapo napanda treni ya reli kuu kwenda Bari, halafu kaskazini.

Faiz: Mimi nataka kuja mwezi wa nane.

Zuhura: Usije mwezi wa nane, joto na bei. Njoo Aprili au Mei, au mwisho wa Septemba.

Mama: Mwezi wa nane ana karatasi za marudio ya hisabati. Mei pia. Septemba pia.

Bibi (sauti): Zuhura, hayo mafuta ya kijani yanafaa kwa magoti?

Zuhura: Bibi, nimekununulia. Nina bati la lita tano: lita moja yako, moja ya Mama, moja ya Halati.

Ami Salim: Hizo ni tatu. Zilizobaki?

Zuhura: Zilizobaki ni zangu, Ami, mimi ndiye ninayebeba.

Ami Salim: Sawa. Basi niulizie tu hiyo Mussomeli wanataka karatasi gani.