Bendera ya Oktoba 9: kipi kinakaa juu?

Wakuu, tunaandaa sherehe ya Uhuru wa Uganda shuleni. Bendera tuliyonunua haina alama ya juu wala chini. Tutajuaje?

— Anza na rangi. Mistari ni sita: nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena vivyo hivyo. Nyeusi lazima iwe juu kabisa. Ukiona nyekundu juu, umeipindua, na korongo, yule ndege wa katikati, atakuwa kichwa chini. Nyeusi ni watu wa Afrika, njano ni jua, nyekundu ni undugu.

— Naongezea: korongo taji katikati ya duara jeupe hutazama upande wa mlingoti, mguu mmoja ameuinua. Wachoraji wengi wanakosea hapo, wanamgeuza. Kagueni kabla ya kufunga kamba!

— Waelezeni watoto pia kwamba bendera hii ilipandishwa Kololo, Kampala, usiku wa kuamkia Oktoba 9, 1962, ya Uingereza iliposhushwa. Obote alikuwa waziri mkuu tu; mkuu wa dola bado alikuwa Malkia wa Uingereza. Mutesa II, mfalme (Kabaka) wa Buganda, akawa rais Oktoba 1963. Wengi huchanganya miaka hiyo miwili, na inasikitisha.

— Asanteni sana. Kumbe yetu korongo amegeuzwa, tunairudisha dukani leo.