Naomba ushauri: Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga wote, nimweleze kama mfalme?

Ndugu zangu, heshima kwenu wakubwa. Ninaandika kutoka Moshi, ambako ninaandaa mada ya mamlaka ya kifalme kwa vijana wa kidato cha sita.

Upande wa Uingereza sina shida: Charles wa Kwanza alidai kuwa mamlaka yake yanatoka kwa Mungu, akakatwa kichwa mwaka 1649, na sheria ya mwaka 1689 ikamkataza mfalme kutoza kodi bila ridhaa ya Bunge. Kinachonisumbua ni huku kwetu. Thomas Marealle alipata cheo cha Mangi Mkuu kwa kura mwaka 1951, jambo ambalo kwangu ni la thamani kubwa, kisha mwaka 1960 Wachagga wakapiga kura kutaka rais wao wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Mwaka 1963 Bunge likafuta mamlaka ya machifu nchi nzima.

Nikimwita mfalme, ninaificha kura iliyomweka. Nikimwita kiongozi wa kuchaguliwa tu, ninaifuta mila iliyompa uzito. Wazee wangu, na hasa mliosoma sheria, naomba mnielekeze: nianze na chanzo cha mamlaka, au na mipaka yake?