Panya kupoozeshwa ili binadamu akojoe vizuri: ni haki?

Mzee wa Nukta: Wadau, mpwa wangu yuko Uingereza, kazi yake kulea panya wa maabara, wale weusi wadogo. Wanadungwa sindano, kinga ya mwili inageuka na kuanza kula ala ya mishipa ya fahamu, ili wafanane na mgonjwa wa MS, maradhi ya kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, ambayo huvuruga hata kibofu. Ugonjwa huo wa kutengenezwa wanauita EAE. Siku ya kumi hivi mkia unalegea, kisha miguu ya nyuma, kibofu nacho kinagoma. Asubuhi na jioni anamshika panya, anapapasa chini ya tumbo mpaka vidole viguse kitu kama kunde iliyolowekwa, anaminya taratibu, mkojo unatoka. Anasema panya wengine wanamwangalia tu. Ni haki?

Kisiki: Juzi hapahapa mlikuwa mnaulizana sumu ya panya, leo panya kawa mjomba? Halafu MS ni ugonjwa wa wazungu. Wakojoe kitandani huko kwao, sisi inatuhusu nini?

Binti Pangani: Kisiki, mimi mzungu wa wapi? Nina MS tangu 2016. Kabla ya hapo nilimezeshwa dawa za UTI mwaka mzima, na shangazi akanipeleka kwa mganga. Mkojo wangu unabana ghafla, nikifika chooni hautoki. Kibofu kinasukuma, mlango umefungwa. Najiwekea mpira wa kutolea mkojo mara nne kwa siku. Rudia tena hilo la kitandani.

Chuma Kutu: Pole dada. Ila Kisiki hajakosea kote, kadiri unavyoiacha ikweta MS inazidi. Wanasema ni uhaba wa jua. Na 2022 walichunguza wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, kirusi cha Epstein-Barr ndicho kikaonekana kuanzisha mambo.

Binti Pangani: Hicho kirusi karibu kila mtu mzima anacho, hata wewe. Kwa hiyo na wewe mzungu?

Chuma Kutu: 😂 Mama aliniambia nina damu ya Mreno.

Daktari wa Mtaa: Turudi kwenye mada jamani. Panya dume kwake mkojo ni barua, anadondosha kidogokidogo kuweka mipaka. Na wale panya wa aina kubwa (rat) wakikojoa, msuli wa mlangoni unafunga na kufungua harakaharaka kama pampu. Wa kwetu unalegea tu. Sasa tatizo la dada, kibofu kusukuma mlango ukibana, utalipima vipi kwa mnyama ambaye mlango wake ndivyo ulivyoumbwa? Kuna dawa ya kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, iliponya panya vizuri, watu wa MS walipopewa wakazidi kuumwa.

Shemeji Mkubwa: Mbona husemi glatirameri, dawa ya MS? Kule taasisi ya utafiti ya Weizmann, Israeli, waliitengeneza ili *iwaumize* wanyama, ikawakinga. 1996 Marekani wakaipitisha. Natalizumabu, dawa nyingine ya MS, nayo ilianzia kwa panya wenye EAE.

Daktari wa Mtaa: Na 2005 ikaondolewa sokoni kwa kuleta maradhi ya ubongo, shemeji.

Shemeji Mkubwa: Ikarudi 2006. Malizia hadithi, usituchanje nusu.

Binti Pangani: Hizo zote zinazuia ugonjwa usiendelee, kibofu kilichoharibika hazikirudishi. Kinachonisaidia mimi ni mpira wa kujiwekea, na aliyeueneza ni Dk. Lapides wa Michigan, 1972. Hakumpoozesha panya hata mmoja.

Chuma Kutu: Pangani ipi dada, Mwera au mjini? Nina shamba huko.

Mzee wa Nukta: Swali langu limeenda shamba.

Kisiki: Dada, la kitandani nimelifuta. Mama naye ana mwaka wa pili na hiyo UTI isiyopona, umenishtua. Lakini panya wa stoo yangu nawatilia sumu leo leo.

Shemeji Mkubwa: Sumu gani mkuu? Wangu wamezoea.