Naombeni ushauri: mtunzi mmoja amenikaa kooni, kila nikitunga anatoka yeye

MtotoWaMsamvu (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mwanamuziki mdogo tu hapa Morogoro, napiga gitaa na kuimba kwenye shughuli za watu na kumbi ndogo ndogo. Naombeni msinicheke.

Kuna mzee mmoja aliwahi kutungia bendi za dansi miaka ya sabini na themanini. Jina lake halikuvuma, waliovuma ni waliomwimbia. Nyimbo zake ndizo zilizonifundisha kutunga, na sasa nimeshindwa kutoka humo. Nikishika gitaa, mstari wa kwanza unakuja kwa namna yake. Yeye hana "hapo zamani". Anakuingiza katikati ya ugomvi, kama barua iliyopotea ukurasa wa kwanza. Anataja stendi, anataja mtaa, anataja rangi ya kanga, na kiitikio anakichelewesha mpaka msikilizaji anakitamani. Hata kuimba naingia nyuma ya pigo kidogo kama yeye. Juzi studio kijana wa mitambo akaniambia, "Kaka, wewe ni yule mzee mtupu, umebadilisha shati tu."

Swali langu: mtu akiathiriwa na mtunzi mmoja kiasi hiki, anajitoaje? Na kisheria pana tatizo? Naulizia tu.

Nawasilisha.

BesiNzito

Nipo siti ya mbele. Mtu akimalizia na "naulizia tu", jua kuna kitu kimefukiwa hapo.

Mzee wa Kumbi

Kijana, unaogopa nini wakati upo Morogoro? Mji huo wenyewe umejengwa kwa kusikiliza wengine. Zilikuja santuri za Kikuba, zile za kampuni ya HMV zilizoandikwa namba za GV, watu wakazicheza mpaka mashimo. Salum Abdallah akazipenda hadi bendi yake akaiita Cuban Marimba. Lakini msikilize: mwendo ni wa Havana, maneno ni ya uswahilini kabisa, mafumbo ya mke na mume na jirani mmbea. Alipofariki mwaka 1965 Juma Kilaza akaishika bendi, na hakuna aliyesema Kilaza ni mwizi.

Halafu Mbaraka Mwinshehe. Wapiga solo wa Kongo walimwingia, nani hakuingiwa na Franco na Dr Nico enzi zile? Ila Mbaraka alikuwa anatunga, anaimba na kupiga solo yeye mwenyewe, kwa hiyo sentensi mdomo ukiishia katikati, gitaa linaimalizia. Hiyo huwezi kuikopa Kinshasa, inatokana na kazi zote tatu kuwa za mtu mmoja. Alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Miaka sita tu, na mpaka leo ukienda kwenye baa yenye watu wazima lazima mmoja ajifanye Mbaraka.

Mimi mke wangu nilimpata kwa wimbo wa Mbaraka. Nilimwambia nimeutunga mimi. Alikuja kugundua tuna watoto wawili.

BesiNzito

Mzee wa Kumbi hiyo ni kesi ya jinai, ndoa irudiwe.

BintiNgambo

Nawaongezea mfano wa huku kwetu Unguja. Siti binti Saad ndiye aliyepeleka taarabu ya Kiswahili kwenye santuri, alirekodi Bombay mwaka 1928. Bi Kidude alizipata nyimbo zake kwa sikio, na uzeeni alikuwa bado anaimba "Kijiti" na "Muhogo wa Jang'ombe". Nyimbo zilezile! Lakini Bi Kidude alikuwa mpiga ngoma wa unyago. Sauti yake imekwaruza, anapiga maneno kama anayapigia ngoma ya msondo, pumzi anaikata pale anapotaka yeye. Hukuhitaji kuambiwa ni nani anaimba. Na kila alipoulizwa hizi nyimbo kazitoa wapi, Siti alitajwa.

Kwa hiyo mleta mada usijitoe kwa mtunzi wako. Mpitishe kwenye kazi nyingine unayoijua. Wewe mbali na muziki unafanya nini?

MtotoWaMsamvu

Dada nauza vifaa vya bodaboda.

BintiNgambo

Basi hapo pana mdundo wako, na lugha ambayo mzee hana.

Mtumishi wa Kweli

Muziki wa kidunia ni mtego tangu mwanzo. Kijana rudi kwenye kwaya. Hata Remmy Ongala alimaliza na nyimbo za Injili.

Kalamu Nyekundu

Tumwache Remmy apumzike. Mleta mada aliuliza sheria, namjibu sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi mtindo. Kuanzia kisa katikati, kuchelewesha kiitikio, kuimba nyuma ya pigo, hivyo havina mwenyewe. Kinacholindwa ni wimbo wenyewe, maneno haya na sauti hizi zilivyopangwa. Ulinzi unaanza mtu anapotunga, si anapopeleka fomu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Tena pesa ni upande mmoja tu, pana na haki ya jina lake kutajwa.

Sasa nijibu wewe. Huo wimbo wa studio ni upi, umetoka, na palipoandikwa "mtunzi" limeandikwa jina la nani?

MtotoWaMsamvu

Asante sana mkuu, umenitoa wasiwasi. Kwa hiyo nipo salama, maana mimi nimechukua mtindo tu. Na labda kipande kidogo cha kiitikio.

BesiNzito

NA LABDA KIPANDE KIDOGO CHA KIITIKIO. Jamani nani ana karanga?

Kalamu Nyekundu

Kidogo kiasi gani? Na hicho kiitikio kilirekodiwa na bendi gani?

MtotoWaMsamvu

Hakijarekodiwa. Kipo kwenye kaunta buku lake. Ni kaunta buku kuukuu, limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili karatasi zisitoke. Ameandika kwa bluu, na kila silabi ya kuvuta ameichorea mstari juu, mrefu au mfupi. Zipo nyimbo humo ambazo bendi ilivunjika kabla hazijapigwa. Alinipa mwenyewe, akaniambia "zichukue ujifunze."

Sasa naomba mnielewe kabla hamjanisulubisha. Ni mistari minne tu. Yeye aliiweka kwenye rumba ya taratibu, mimi nimeipeleka mbio na biti juu. Beti zote nimetunga mimi. Na tukisema ukweli, bila mimi hilo daftari lilikuwa linaliwa na mende.

Kalamu Nyekundu

Kiitikio ndicho wimbo, ndugu yangu. Watu watakaopita barabarani wataimba hicho, sio beti zako. Na "ujifunze" amesema yeye, wewe umesikia "uuze".

MpwaniHalisi

Hapa Mombasa tunayajua mambo haya. "Malaika" hadi leo watu wanaugombania. Dunia iliusikia kwa Fadhili William, akaja Miriam Makeba akauimba, na wapo wanaoapa ulitungwa na Adam Salim. Watu wameshafariki na ubishi haujafa. Daftari lenye mwandiko wa mtu ni ushahidi, mwenzangu. Bahati yako wewe una mwenyewe wa kumuuliza... au hayupo?

Mama Zai

Nami nataka kujua hilo. Mwanangu, huyo mzee yu hai?

MtotoWaMsamvu

Shikamoo mama. Yupo, mzima kabisa. Jana kaniagizia nyaya za gitaa.

Mama Zai

Marahaba. Umemwambia?

BesiNzito

Mleta mada yupo hewani, anaandika, anafuta, anaandika, anafuta.

MtotoWaMsamvu

Ni ngumu mama. Ni baba wa mchumba wangu.

MpwaniHalisi

Lahaula.

Mzee wa Kumbi

Hii ngoma ndiyo kwanza imefika kwenye chemko.

MtotoWaMsamvu

Naomba nimalizie maana mtajua tu. Wimbo nimeshaukabidhi. Kuna mtu aliutaka kwa ajili ya tangazo, nikasaini karatasi kwamba utunzi wote ni wangu peke yangu. Nilipewa nusu ya malipo, nusu nyingine tangazo likitoka. Ile nusu ya kwanza nimeshaitumia. Na sikuitumia kwa anasa, kabla hamjaanza.

Kalamu Nyekundu

Umeitumia kwa nini?

MtotoWaMsamvu

Mahari.

Kalamu Nyekundu

Subiri. Umechukua kiitikio cha mzee, umekiuza, halafu hela ukampelekea mzee huyohuyo akupe binti yake?

MtotoWaMsamvu

Ukiiangalia kwa upande mwingine, mzee amelipwa.

BesiNzito

Nimelala chini sebuleni. Mke wangu ananiuliza kuna nini, siwezi kuongea.

SukariGuru

Wakuu mnaburuzwa. Hii ni chai, tena ya maziwa. Mwanzo alikuwa mwanamuziki mdogo wa shughuli za watu, ghafla ana mkataba wa tangazo. Mwanzo mzee alikuwa mtunzi aliyemwathiri, kurasa mbili baadaye mzee ni mkwe. Kila mkimwuliza swali anawapa alichojua mtakipenda. Wiki ijayo mtasikia wimbo umetoka, na mtaukimbilia wote kuusikiliza "kiitikio cha baba mkwe". Hiyo ndiyo kiki yenyewe. Kama ni kweli, aweke picha ya kaunta buku.

BintiNgambo

Mimi pia nimeanza kuingiwa na shaka. Ile "barua iliyopotea ukurasa wa kwanza" ni maneno ya mtu aliyejiandaa.

MtotoWaMsamvu

Mimi ni mtunzi dada, unataka niandike kama karani? Na picha siweki. Mwandiko wa mzee unajulikana hapa mjini, aliwahi kuwa mwalimu, nusu ya mtaa kawafundisha yeye kuandika.

SukariGuru

Sasa ni mwalimu pia. Kesho atakuwa alipigana vita vya Kagera.

Mzee wa Kumbi

SukariGuru punguza. Mimi nimekaa na watunzi. Ile mistari juu ya silabi nimewahi kuiona kwa macho yangu, kwenye daftari la marehemu mmoja ambaye nota hakuzijua. Mrefu ni wa kuvuta, mfupi ni wa kuangusha. Mpika chai wa siku hizi hilo angelitoa wapi? Angesema mzee aliandika "nota" basi, mambo yakaisha.

Na hii habari ya watunzi kusahaulika haihitaji kubuniwa. Watu wanajua "Zuwena" na "Georgina" ni za Marijani Rajab kwa sababu aliziimba mwenyewe. Ila bendi zetu kubwa, Msondo, Sikinde, watu wanataja Gurumo, wanataja Bitchuka, wanataja sauti. Mtu aliyekaa nyumbani na kalamu akampelekea mwimbaji, huyo hatajwi hata kwenye msiba wake.

SukariGuru

Hotuba nzuri. Picha ipo wapi?

Mtumishi wa Kweli

Ningependa kurudia suala la kwaya.

Mama Zai

Nyie gombaneni. Kweli au uongo, kuna kijana mwingine anasoma hapa kimya na yake ni kweli, namjibu huyo.

Mahari hukupeleka wewe, ilipelekwa na mshenga. Basi mshenga huyohuyo arudi kwa mzee, arudi kabla tangazo halijatoka, maana mzee akijisikia kwenye redio ya jirani hapo hakuna maneno tena. Asiende kuomba radhi kwanza. Aende na wimbo, amsikilizishe. Mtunzi yeyote atataka kwanza kujua umekifanya nini kiitikio chake. Akianza kukusahihisha, umepona nusu. Kisha jina lake liandikwe, na nusu ya pesa iliyobaki iende kwake, isihesabiwe kwenye mahari. Binti naye aambiwe na wewe, leo, asiambiwe na shoga yake.

Kalamu Nyekundu

Naunga mkono, na mkataba urekebishwe kwa maandishi. Ulisaini tamko ambalo si kweli. Ukimwahi mnunuzi wewe mwenyewe, mnabadilisha mstari mmoja wa jina. Akisikia kwa mwingine, atadai hela yake irudi, na hela yako imeshakuwa mahari.

MtotoWaMsamvu

Nimewaelewa wote, nawashukuru. Ila mama, hapo kwa mshenga ndipo penye shida. Mshenga wangu ndiye prodyuza. Ndiye aliyeninunulia wimbo.

SukariGuru

Sina la kuongeza. Vikombe viongezwe.

MpwaniHalisi

Huyo prodyuza alikaa mbele ya mzee akahesabu hizo pesa kwa mkono wake??

MtotoWaMsamvu

Akahesabu mara mbili. Mzee akamsifu kwa uaminifu.

BesiNzito

Moderata usiufunge huu uzi, naomba kwa heshima.

Mzee wa Kumbi

Mkimaliza kubishana, kijana niandikie faragha. Sisi wastaafu tuna kikundi chetu hapa Dar, gitaa tatu na tumba, tunapiga Jumapili. Tumechoka kupiga kopi. Mwulize mzee kama zile nyimbo nyingine za kaunta buku anaziuza, na anauzaje.