Walioacha fegi Arusha na Moshi: hamu inayorudi baada ya miezi, tupeane uzoefu

Njiro_Kwa_Mbali (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale ambao fegi (sigara) wameshaiacha, arosto ya mwanzo imepita, lakini hamu bado inawavizia. Nyuzi za "niliachaje" zipo tele, tusizirudie. Hadithi ya maisha weka pembeni. Leta mbinu, kipimo, muda, na sehemu ambapo mambo huharibika.

Naanza na msingi, maana watu wanachanganya vitu viwili. Nikotini haikai mwilini: nusu yake hutoka kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo siku 3 zikipita imekwisha. Arosto yenyewe, yaani hasira za bure, usingizi kukatika na mikono kutotulia, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki 4. Hamu ya mwezi wa tano haitoki kwenye damu. Inatoka kwenye kijiwe, kwenye saa fulani, kwa mtu fulani, kwenye harufu. Ndiyo maana mtu anamaliza wiki nzima kazini vizuri, akishuka tu stendi ya Moshi mate yanajaa mdomoni.

Kwa hiyo kwanza ijue inatokea wapi. Chukua daftari dogo, siku 7. Kila hamu ikija andika vitu vinne: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, na ulikula lini mara ya mwisho. Usichambue kitu mpaka siku ya 7. Ukifungua utakuta nyingi zimerundikana sehemu mbili au tatu tu, na kila sehemu uiandalie jibu mapema: "nikimaliza kula mchana, nanyanyuka kabla sahani hazijatolewa, naenda kupiga mswaki." Kusema tu "nitajikaza" hakusaidii, kwa sababu hamu ikifika kichwa hakina nafasi ya kubuni.

Mama_Soweto

Mleta uzi, hiyo safu ya chakula kwenye daftari ndiyo watu wengi wanaiacha, na ndiyo yenye majibu. Hamu za saa 4 asubuhi na saa 10 jioni mara nyingi ni njaa. Nikotini ilikuwa inaikandamiza. Sasa imeondoka na mtu ameshasahau njaa inavyojisikia. Jaribio lake ni rahisi: ndizi mbivu moja au kiganja cha karanga za kuchemsha, na glasi ya maji. Subiri dakika 10. Ikiisha, ilikuwa tumbo.

Msikimbilie kashata na soda, wanangu. Wanaoacha huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka wa kwanza, na mtu akiona suruali imekataa kufunga, hicho kinakuwa kisingizio cha kurudi. Karoti na tango vikatwe vipande virefu vya saizi ya sigara, viwekwe kwenye kopo mezani. Kijiti cha mdalasini au karafuu mbili mdomoni vinafaa pia kwa wale ambao midomo yao inataka kushika kitu.

Ikiwa si njaa, wimbi lenyewe huchukua dakika 3 hadi 5, mara chache hufika 10. Kosa ni kukaa pale pale unabishana nalo. Nyanyuka, badilisha mahali, tembea haraka dakika 5 mpaka jasho lianze kidogo. Kama umefungwa kwenye kikao huwezi kutoka: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 10. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hiyo usiharakishe kutoa.

Na kikohozi: wiki za mwanzo kinaweza kuongezeka kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza tena kusukuma uchafu juu. Watu wanaogopa, wanasema "bora nilipokuwa navuta." Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi usikisingizie kuacha sigara. Nenda ukapime makohozi; vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali.

Chalii_wa_Chuga

Mimi naongelea madereva na bodaboda. Hamu ya barabarani inakaa kwenye gari lenyewe. Sehemu ya majivu iondoe au ijaze pipi za mnanaa, viti vifuliwe kwa sabuni, vioo vifutwe kwa ndani maana ule utando wa njano ni moshi. Usipake manukato juu ya harufu, utapata harufu mbili.

Halafu kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Sigara zinauzwa moja moja, ndiyo balaa lenyewe: mtu hajisikii amenunua sigara, anajisikia amelipa chenji. Vocha nunua kwa simu, maji beba kutoka nyumbani, na mwambie Mangi uso kwa uso, "nikija kuomba fegi usinipe." Kina Mangi wengi wanalishika hilo vizuri kuliko marafiki.

Hamu ikizidi nyonya kipande cha limao chenye chumvi, kinaweza kusaidia. Na kwa wazee wetu, ugoro kidogo si afadhali kuliko moshi?

Dawa_na_Dozi

Chalii, limao ni zuri kwa asiyetumia dawa yoyote. Kwa anayetafuna bigijii ya nikotini, ile dawa ya famasi ya kusaidia kuacha sigara, ni sumu ya tiba yake. Nikotini ya bigijii inapenya kwenye ngozi ya shavu, na mdomo ukiwa na uchachu haipenyi. Limao, soda, juisi, kahawa: hakuna kimojawapo dakika 15 kabla ya kutafuna wala wakati wa kutafuna. Ugoro ni tumbaku na nikotini ileile. Unahamisha utegemezi kutoka kifuani kwenda puani. Sisha nayo isiingizwe humu kama mbadala, ni tumbaku hiyohiyo, na ilipigwa marufuku nchini 2016.

Bigijii yenyewe watu wanaitafuna kama ile ya dukani, ndiyo maana wanapata kwikwi na kiungulia kisha wanasema haifanyi kazi. Tafuna taratibu mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, halafu iegeshe kati ya shavu na fizi. Ukali ukiisha, tafuna tena, egesha upande wa pili. Moja inakwenda dakika 30. Aliyekuwa anavuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka anahitaji ya miligramu 4. Aliyekuwa anachelewa zaidi ya hapo, miligramu 2. Wiki 6 za kwanza ni moja kila saa 1 hadi 2, wiki ya 7 hadi ya 9 kila saa 2 hadi 4, wiki ya 10 hadi ya 12 kila saa 4 hadi 8. Isizidi 24 kwa siku. Makosa mawili ninayoyaona kaunta ya famasi: kutumia chache mno, na kuacha wiki ya 3 kwa sababu "nimepona." Huyo ndiye anayerudi kulalamika hamu haiishi.

Plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi: aliyekuwa anazidi sigara 10 kwa siku huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Ibandike kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, bega au mgongo wa juu, ibonyeze sekunde 10, na kesho ubadilishe sehemu. Huku kwetu inabanduka kwa sababu moja kubwa: mtu ameoga, amejipaka mafuta ya mgando mwili mzima, ndipo anabandika. Bandika kwanza, mafuta baadaye, na usiguse hapo. Ukiota ndoto za ajabu, ivue kabla ya kulala. Duka dogo la dawa muhimu usitegemee litakuwa nazo, ulizia famasi kubwa. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waanzie kwa daktari. Na aliyekaa miezi bila nikotini kabisa asianze plasta leo kwa sababu ya hamu ya jana. Huyo tatizo lake ni la daftari la mleta uzi.

Sasa kahawa, na hili watu wa huku ndilo linatuhusu. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome kafeini haraka. Ukiacha, ini linarudi kwenye mwendo wa kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vya kahawa chungu vinakupa kafeini karibu mara mbili kwenye damu. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, na mtu anasema arosto imerudi. Punguza vikombe nusu, na cha mwisho kabla ya saa 8 mchana. Plasta haizuii hili, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na moshi, wala si nikotini.

Kwa sababu hiyohiyo ya ini: anayetumia aminofilini kwa pumu, au olanzapini au klozapini kwa ugonjwa wa akili, amwambie daktari wake kabla hajaacha sigara. Dozi ya zamani inaweza kumzidi.

Mgumu_wa_Marangu

Kwa wanaopanda mlima. Hamu kambini inakuja jioni baada ya kula, mizigo imeshushwa na mikono haina kazi. Andaa kazi ya saa hiyo kabla ya safari: kuchota maji, kuosha vyombo, kupanga mizigo ya kesho. Bigijii ya nikotini iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaifanya ngumu. Kunywa maji kwanza, maana mdomo mkavu hauipi kitu. Na kichwa kikiuma kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro, usiseme ni arosto. Kichukulie kama ugonjwa wa mwinuko kwanza, mwambie kiongozi wako.

Kibosho_Juu

Desemba haijatajwa, na Desemba ndiyo inayoangusha watu. Familia imepanda nyumbani, ndafu (mbuzi mzima) iko motoni, mbege (pombe ya ndizi) inazunguka. Pombe inalegeza uamuzi kabla haijalegeza miguu, kwa hiyo mwezi wa kwanza wa kuacha usinywe kabisa. Ukishavuka mwezi: kula kwanza, amua idadi ya kata kabla ya kukaa, kaa upande wa kina mama na watoto. Wavutaji wana sehemu yao, mara nyingi nyuma ya banda karibu na moto wa nyama, na usijitolee kugeuza ndafu.

Msibani ni ugumu mwingine, maana ule moto wa usiku una watu wake na fegi inapitishwa bila kuombwa. Omba kazi ya kuandikisha rambirambi. Una kalamu mkononi, una meza, na hakuna atakayekuita kwenye moto.

Njiro_Kwa_Mbali

Kuna mdau kauliza faragha: akiteleza akavuta moja? Asimalizie. Azime, kipisi kitupwe chooni, siyo mfukoni. Kama ni pakiti, ilowekwe maji. Kisha afungue daftari aandike vile vitu vinne palepale, kabla ya aibu haijaanza kupika visingizio. Tarehe ya kuacha haibadiliki kwa sababu ya fegi moja, wengi huangushwa na ya pili, ile ya "si nimeshaharibu." Kuota unavuta, hata miezi mingi baadaye, si kuteleza. Ni kawaida.

Mama_Soweto

Na baridi ya Juni inakuja. Makoti yaliyofungiwa sandukuni tangu mwaka jana yana moshi kwenye bitana na mifukoni. Yatoeni sasa, geuzeni mifuko nje, loweka usiku mzima, fua, anika juani siku 2. Vipisi na viberiti mtakavyokuta humo, vitupeni bila kunusa.