MP3, AAC au Opus: fomati ipi itaifaa tovuti ya masimulizi ya wazee?

Mkusanyaji: Wanajukwaa, habari za jioni. Tunaandaa tovuti ya masimulizi ya wazee wa mwambao wa Tanga, na rekodi zetu zina asili mbalimbali: nyingi zimetoka kwenye kinasa sauti zikiwa WAV (sauti isiyobanwa), nyingine ni jumbe za sauti za WhatsApp, na chache ni AMR za simu za zamani. Wasikilizaji wengi wanatumia simu za bei nafuu na bando la kuhesabu. Tuchague ipi ili kila mmoja asikilize bila kupakua programu ya ziada?

Fundi Seva: WAV zihifadhiwe kama nakala asili, zisiwekwe kwenye ukurasa. WAV ya mono (mkondo mmoja wa sauti), yenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, hula takribani megabaiti 5.3 kwa dakika, hivyo simulizi ya dakika 40 inapita megabaiti 200. Ikigeuzwa kuwa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, inashuka hadi 19 hivi, na maneno ya msimulizi yanabaki wazi. AMR haichezeki kwenye vivinjari vya kawaida, kwa hiyo hizo hamna budi kuzigeuza. Mimi ningeweka MP3 peke yake na kulala usingizi.

Mpwani: Ndugu Fundi, kuhusu WAV tuko pamoja, lakini kwa sauti ya mazungumzo Opus inaiacha MP3 mbali. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde, simulizi hiyohiyo itakuwa na megabaiti 7 hivi na bado itasikika vizuri. Isitoshe, jumbe za WhatsApp tayari ni Opus ndani ya faili ya Ogg, yaani kasha linaloibeba sauti hiyo. Mkizigeuza kuwa MP3 mnazibana mara ya pili, na kila mbano hula ubora.

Binti Kisauni: Tatizo liko kwenye hiyo Ogg. Kivinjari cha Safari kwa miaka mingi hakikuicheza, kwa hiyo mwenye iPhone ya zamani atabonyeza asisikie kitu. AAC ingemfaa, ila kwa mazungumzo ya mtu mmoja sioni faida yake juu ya MP3 inayostahili kazi ya ziada. Tagi ya audio, yaani alama ya HTML inayoweka sauti kwenye ukurasa, inakubali vyanzo zaidi ya kimoja: mstari wa kwanza uelekeze kwenye simulizi.ogg, wa pili kwenye simulizi.mp3, na kila mmoja utajiwe aina yake. Kivinjari husoma kutoka juu na kuchukua cha kwanza kinachokiweza, kwa hiyo mkitanguliza MP3, ile Opus haitaguswa na mtu.

Fundi Seva: Hoja ya dada naikubali, ingawa kazi ya kugeuza inakuwa maradufu. Hakikisheni pia kwamba seva inaweza kutoa faili kwa vipande: ikiombwa kipande, ijibu kwa msimbo 206 (natoa kipande) badala ya 200 (natoa faili yote). Isipofanya hivyo, Safari hugoma hata kwa MP3 iliyo salama kabisa, na anayetaka kurukia dakika ya 25 hawezi.

Mkusanyaji: Ahsanteni sana. Basi Opus itatangulia na MP3 itafuata. Je, zile za AMR nazo tuzipe kilobiti 64?

Mpwani: Hapana, hakuna haja. AMR ya kawaida hunaswa kwa sampuli 8,000 tu kwa sekunde, na hakuna fomati itakayorudisha kisichonaswa. MP3 ya kilobiti 32 inazitosha.