Mjadala: Anayeuza uteuzi wa washindi wa farasi alazimishwe kuonyesha mikeka yake ya kubeti iliyochanika, yaani iliyopoteza?

Mtazamaji wa Jumapili:
Ndugu zangu, naleta hoja. Kila Jumapili yenye mbio pale Ngong Racecourse, Nairobi, kabla farasi wa kwanza hajatolewa bandani, simu yangu huwa imeshapokea orodha za watu wanaojiita wachambuzi, nao huuza majina ya washindi wa siku nzima, kuanzia mbio za kwanza hadi za mwisho, kwa malipo ya kabla. Jioni humtangaza yule mmoja aliyeshinda na kuwanyamazia waliobaki. Napendekeza sheria iwabane: anayeuza uteuzi atangaze hadharani matokeo ya kila farasi aliyewahi kumtaja kwa fedha. Nani anaunga mkono, na nani anapinga?

Mwalimu wa Hesabu:
Naunga mkono, ila nahofia kwamba hata mchambuzi mwaminifu hawezi kutimiza anachokiuza. Nchini Uingereza, ambako kumbukumbu za mbio ni nyingi, farasi anayependelewa na wachezaji hushinda takribani mara moja katika kila mbio tatu. Ukiwachukua wapendwa hao katika mbio saba na kuwaunga kwenye mkeka mmoja, uwezekano wa wote kushinda ni kama mmoja kati ya 2,187. Tena mbio nyingi hupangwa makusudi zisitabirike: farasi anayeshinda huongezewa uzito, aliyekuwa akishindwa hupunguziwa, na anayepanga uzito huo ndoto yake ni kuona wote wakifika kwenye mstari kwa pamoja. Huyo analipwa ili mchambuzi akosee.

Odi Kubwa:
Mwalimu, hizo ni hesabu za darasani. Nani asiyejua kuwa mpanda farasi Frankie Dettori alishinda mbio zote nane za siku moja pale Epsom, Uingereza, na waliomwekea fedha wakatajirika? Mambo haya yanawezekana kwa anayejua pa kuulizia. Mimi sinunui orodha ya mtu yeyote. Ukitaka mshindi, mpe saisi, yaani mtunza farasi, elfu moja nyuma ya mabanda naye atakueleza kila kitu, maana masaisi wanauza siri za mabwana zao tangu enzi za mkoloni.

Mwana wa Saisi:
Nilikuwa nasoma kimya, lakini hapo Odi Kubwa umenigusa. Marehemu baba yangu alikuwa saisi tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkataa, na sikuwahi kumwona akipokea elfu ya mtu nyuma ya banda lolote. Watu wa farasi wakikaa kuzungumza, jina la Beryl Markham, aliyelelewa Njoro akawa mkufunzi maarufu wa farasi, halikosi kutajwa. Waliokuwa wakiamka gizani kuwalisha farasi hao hawatajwi, isipokuwa siku anapotafutwa wa kuitwa mwizi. Kwanza nijibu hilo, hizo mbio nyingine tutazijadili baadaye.

Mwalimu wa Hesabu:
Kwa ajili ya kumbukumbu tu: hazikuwa nane, wala haikuwa Epsom. Zilikuwa saba, pale Ascot, tarehe 28 Septemba 1996. Na kisa hicho, Odi Kubwa, kinanisaidia mimi kuliko wewe. Farasi wa mwisho siku hiyo, Fujiyama Crest, alianza asubuhi akiwa na odi za 12 kwa 1, yaani ukiweka shilingi moja unapata faida ya kumi na mbili. Dettori alipofikisha mbio sita, kampuni za kubeti ziliona mikeka mingi iliyounga farasi wake imebakiza mbio moja tu, zikaanza kujikinga kwa kumwekea dau farasi huyo wa mwisho, na odi zikashuka hadi 2 kwa 1. Baadhi ya wapokeaji dau waliokuwa uwanjani, watu wanaojua farasi kuliko sisi sote hapa, waliona kwamba farasi huyo hastahili bei ndogo namna hiyo, wakapokea dau kubwa za waliomwekea fedha. Hoja yao ilikuwa nzuri kabisa. Alishinda kwa urefu wa shingo tu, nao wakapata hasara ya kutisha. Aliyejua alilia, na aliyemfuata mpanda farasi kwa sababu ya tabasamu lake akalipwa.

Odi Kubwa:
Saba au nane, alishinda zote, na hoja yangu iko palepale. Ndugu Mwana wa Saisi, sikumtaja baba yako, kwa hiyo sielewi hasira inatoka wapi. Nimesema masaisi kwa ujumla wao. Mtu anayelala mita chache kutoka kwa farasi na kulipwa kidogo, halafu mnataka niamini kwamba hauzi chochote?

Mwana wa Saisi:
Ukisema "kwa ujumla wao" umemtaja na yeye. Sasa nikueleze saisi anajua nini, kwa sababu ni dhahiri hujawahi kumwona akifanya kazi. Kabla hakujapambazuka anaanza kwa kutazama ndoo, kama chakula cha usiku kimeliwa chote au kimeachwa. Halafu anachuchumaa na kupitisha mgongo wa kiganja nyuma ya mguu wa mbele, taratibu, kutoka goti kwenda chini, akitafuta joto kwenye kano kubwa. Akilikuta anamwita mkufunzi, na pengine farasi huyo hakimbii kabisa. Yaani elimu yake ni ya kujua nani hayuko sawa. Yule wa banda la jirani ameamkaje, hajui. Anaweza kukuondolea mmoja katika wanane, na anayekutajia mshindi amekuona mgeni.

Bint Mvita:
Mnanisikitisha. Mashindano ya farasi yenyewe yana ruhusa katika dini yetu, lakini dau la watazamaji ni kamari, iwe saisi amesema au hakusema. Nimeishi Dubai miaka kadhaa. Mashindano ya Dubai World Cup yalianza mwaka 1996, na kwa miaka mingi watazamaji wake hawakuwa na pa kubeti. Walipewa fomu ya bure ya kuteua washindi wa mbio za siku ile, na anayepatia zote anapata zawadi. Watu walisoma programu usiku kucha, wakabishana kuhusu umbali, hali ya mchanga na nani ampande nani, kama mnavyobishana hapa, na aliyekosea alirudi nyumbani na mshahara wake.

Odi Kubwa:
Dada, fomu ya bure ni ya watu ambao petroli inawalipia. Hapa bila dau uwanja utabaki wa nyama choma na kofia za akina mama.

Bint Mvita:
Kofia zimekukosea nini? Akina mama hao ndio wanaolipa kiingilio bila kuomba siri kwa mtu.

Mwalimu wa Hesabu:
Kofia kando. Hata tukubali kwamba siri ipo na inauzwa, lipo tatizo la bei. Kwenye dau la kapu moja, fedha zote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia. Siri ikiuzwa kwa watu hamsini, wote hamsini wanagawana kapu lilelile. Farasi anayejulikana na kila mtu halipi: Frankel alikimbia mara 14 na kushinda zote, lakini mwaka 2012 pale Royal Ascot ilibidi uweke shilingi mia ili upate faida ya shilingi kumi. Ndiyo maana mimi humuuliza muuza orodha swali moja tu: kama unajua, kwa nini unauza badala ya kuweka dau mwenyewe na kunyamaza?

Mtazamaji wa Jumapili:
Naomba turudi kwenye hoja. Niliuliza kuhusu wauza orodha, na mpaka sasa ni Mwalimu peke yake aliyejibu.

Odi Kubwa:
Wauza orodha waacheni, wananunuliwa na watu wazima wenye akili zao. Kama ni sheria, tuanze na hii: saisi asiruhusiwe kubeti wala kuzungumza na mtazamaji siku ya mbio.

Mwana wa Saisi:
Na mwenye farasi je, anayekunywa chai na wenzake jukwaani huku akijua kwamba farasi wake amekuja kunyoosha miguu tu? Mkufunzi je? Anayefungwa mdomo ni yule mwenye ndoo?

Mtazamaji wa Jumapili:
Hilo la wenye farasi kubeti naliona zito kuliko langu. Lifunguliwe mjadala wake.

Odi Kubwa:
Lifunguliwe, lakini kwanza nijibiwe. Mwana wa Saisi anazunguka sana. Baba yako alikuwa anabeti au alikuwa habeti?

Mwana wa Saisi:
Alikuwa anabeti, fedha kidogo, na siku zote kwa farasi wake mwenyewe, hata yule ambaye alfajiri alimkuta ameacha nusu ya ndoo. Mama alimsema kwa ajili hiyo mpaka uzeeni. Haya, siri hiyo ungeinunua kwa shilingi ngapi?